Jino, Pasaka na Sauti ya Pili

Jino la mbele la baba, la juu upande wa kulia, lilianza kucheza mwanzoni mwa Kwaresma, na tangu hapo sikupata usingizi wa maana mpaka Pasaka ilipopita. Watu wazima hung'oka meno, najua. Lakini baba yangu ni mpiga tarumbeta wa kanisani, na tarumbeta haipigwi kwa midomo peke yake. Ile shaba inakandamizwa kwenye midomo, na nyuma ya midomo meno ndiyo yanayobeba. Likitoka la mbele, hewa inavuja na sauti inageuka mluzi. Na mimi nilikuwa na albamu iliyokamilika yote, isipokuwa nafasi moja tupu kwenye wimbo wa mwisho, ambayo tulimwachia yeye.

Niseme kwanza hiyo albamu ilitoka wapi, maana hapa Mbulu nikiitaja watu wananitazama kana kwamba nimesema nafuga mamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha hisabati. Gitaa la besi nilijifunza kwenye kwaya ya vijana ya usharika wetu, kwa sababu wavulana wote waligombea solo na hakuna aliyeitaka besi. Ikanikaa. Funk niliijua kupitia simu, nikiwa na vipokea sauti masikioni huku nasahihisha madaftari, nikishangaa vidole vya mtu vinawezaje kutembea vile bila kuchoka. Hiyo ndiyo niliyoileta mimi.

Hip hop aliileta mchanaji mmoja wa Katesh, wa familia ya Kiislamu yenye duka la vifaa vya ujenzi kule na ghala la vitunguu saumu hapa mjini. Ana ndevu, ana watoto wawili, ana kompyuta na maikrofoni nzuri, na ana subira ambayo imenichosha tangu siku ya kwanza. Soul ilitoka kwa dada wa Gehandu, binti wa wafugaji, anayeuza maziwa Katesh. Mchanaji alimsikia akiimba nyuma ya kibanda chake huku anaosha madumu, akazima pikipiki na kusimama hapo mpaka dada akamuuliza kama anataka maziwa au ana shida nyingine.

Tulirekodi ghalani. Magunia ya vitunguu saumu yakipangwa mpaka karibu na bati yanameza mwangwi wote, huhitaji sponji wala godoro ukutani. Shida ni harufu. Nywele zangu, sweta langu, hata mfuko wa gitaa, vyote vilinuka. Darasani watoto walikuwa wakinusa hewa na kuangaliana, na mimi nikijifanya natafuta chaki. Dada wa Gehandu alikuwa anaimba mara moja tu, macho wazi, kisha anachukua madumu yake na kuwahi basi. Ukimwambia arudie anauliza, "Kwani hiyo imeharibika?" Haikuwa imeharibika, na mimi nilimpenda kwa hilo, kwa sababu na mimi sipendi kurudia.

Jazz ndiyo ilibaki. Mimi ndiye niliyesema albamu bila tarumbeta haitoki. Mchanaji akanitazama kwa utulivu wake ule, akasema, "Dada, si una baba?"

Baba ni fundi seremala mstaafu. Amepiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika tangu kabla sijazaliwa, na miaka yote hiyo amepiga sauti ya pili. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ule unaoimbwa na watu. Ya pili inakaa chini yake kidogo. Nilimfuata karakanani kwake jioni moja, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umesimama mlangoni? Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia tunataka atupigie jazz.

"Jazz," akasema, akaweka randa chini. "Zile bendi za dansi? Za magitaa na baa?"

Kwa watu wa umri wake jazz ni hiyo: suruali pana, bia, na mwanamume aliyepeleka ng'ombe mnadani akarudi hana ng'ombe wala mfuko. Nikatoa simu nikamwekea jazz niliyokuwa naisema mimi, ya tarumbeta moja inayozunguka peke yake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Huyu amepotea njia?"

"Hajapotea baba, anatafuta."

"Haya. Akipata aniambie."

Lakini alikubali. Alikubali kwa sababu niliomba mimi, na baba hajawahi kunikatalia kitu moja kwa moja. Kazi yake ni kunisogezea mbele. "Nitapiga," akasema. "Baada ya Pasaka."

Hiyo ni desturi ya bendi yao. Jumatano ya Majivu tarumbeta zote zinafutwa, zinapakwa mafuta, zinaviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kamba. Hazifunguliwi Kwaresma nzima labda kuwe na msiba. Mazoezi ya Pasaka wanafanya kwa midomo mitupu: wazee wale wanakaa kwenye benchi za darasa la kipaimara na kila mmoja anaimba sauti yake. Halafu asubuhi ya Pasaka, kabla jua halijatoka, wanafungua blanketi na kwenda kupiga makaburini. Mama yangu amelala pale. Tangu azikwe, baba hajakosa asubuhi hiyo hata mara moja.

Nilihesabu nikaona hakuna tatizo. Pasaka ingepita, tungerekodi, tungemaliza. Kisha jino likaanza kucheza.

Daktari wa meno aligusa kwa kile chuma chake mara moja tu. Fizi ilikuwa na usaha. Alisema ling'olewe wiki hiyo hiyo.

"Baada ya Pasaka," baba akasema.

"Mzee, hili halifiki Pasaka."

"Litafika."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimtolea hoja yangu, na ilikuwa hoja nzuri. Kama jino haliaminiki, basi tufungue blanketi sasa, tukae ghalani saa moja tu, apige kile kipande kifupi, halafu tufunge. Mungu angeelewa. Pasaka ikija na jino lipo, vizuri. Kama halipo, angalau kuna kitu kimebaki. Baba akasimama pembeni ya barabara, pikipiki zinatupita zikirusha tope.

"Sikiliza mwanangu. Kila nikipuliza linalegea zaidi. Humu mdomoni nimebakiza kupiga kidogo sana. Hicho kidogo ni cha mama yako."

Nilitaka kumwambia mama hasikii. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yangu mimi, nikayameza. Nilikuwa na hasira na baba, na hasira na marehemu pia, ingawa hilo si jambo la kusema hadharani.

Basi nikawa mlinzi wa jino. Nilikuwa natoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwa baba kuangalia anakula nini. Nilimpikia uji, ndizi laini, makande yaliyochemshwa mpaka yakawa kama supu. Siku moja nilimkuta amekaa nje na muhindi wa kuchoma mkononi, muhindi mkavu kabisa, nikamnyang'anya mbele ya jirani. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Baba alisema tu, "Nilikuwa natumia upande wa kushoto."

Usiku nilijigeuza kitandani nikiisikia ile nafasi tupu kwenye wimbo. Besi yangu inaingia, sauti ya dada inapanda, mistari ya mchanaji inaisha, halafu hakuna kitu. Mchanaji alikuwa ameshauri tuweke kinanda. Kinanda! Nilimwambia nikitaka king'ora nitaenda kusimama barabarani.

Jumamosi moja nilishindwa kukaa, nikapanda basi mpaka Katesh. Ramadhani ilikuwa imeanza, na mwaka huo Pasaka iliangukia ndani ya mfungo. Nilimkuta mchanaji dukani kwa baba yake anapima misumari, midomo imekauka, uso umetulia. Nikamwambia anisaidie kumshawishi mzee. Mzee anamheshimu yeye.

"Dada, mimi mwenyewe mwezi huu muziki sigusi. Nikamwambie mzee avunje mfungo wa kwake?"

"Dini zote mbili zimenilia njama," nikasema.

Akacheka, akamfungia mteja misumari. "Tulia. Kipo kitu kitapatikana."

Sipendi kuambiwa nitulie. Nilirudi Mbulu na basi lilelile nililokuja nalo, sikunywa hata maji, ingawa mimi sikuwa nimefunga.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, baba alianza kufanya mazoezi nyumbani. Alikuwa anaimba jikoni huku anachochea moto, anaimba sauti ya pili ya wimbo wa Pasaka peke yake, bila maneno. Wimbo ule naujua tangu nikiwa mgongoni, lakini hapo sikuutambua. Ulikuwa unabaki chini pale unapotarajia upande, halafu unanyamaza kabisa, na baba anasubiri, kichwa kimeinama, anawaachia wengine wapite, kisha anaingia tena mahali ambapo hukutegemea. Nilisimama nje ya dirisha na ndoo ya maji mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa jazz. Alikuwa nayo miaka yote na hakuna aliyemwambia.

Niliingia jikoni na simu tayari imewashwa. "Baba, imba tena hivyo hivyo. Nikurekodi."

Alistuka kama nimemkuta bila shati. "Hapana. Hii hairekodiwi peke yake."

"Kwa nini?"

"Mtu akiisikia peke yake ataona nimekosea."

Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikatoka nikaufunga mlango kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Hakuimba tena nikiwa karibu.

Asubuhi ya Pasaka kulikuwa na ukungu, baridi ile ya Mbulu inayoingia mpaka kwenye magoti. Jino lilikuwa bado lipo. Nililiona kwa tochi ya simu wakati baba anafungua kamba ya blanketi. Aliligusa kwa ulimi, akaniitikia kwa kichwa. Tulipofika makaburini nilimkuta mchanaji wa Katesh getini, amevaa koti zito, maikrofoni yake ameifunga kwenye mpini wa ufagio.

"Si ulisema Ramadhani hugusi muziki?"

"Sijagusa. Nimeshika ufagio." Alikuwa amelala ghalani, akala daku yake, akaja kwa miguu. Baba alimwona, akamwona na ufagio wake, akamsalimia kwa kichwa. Hakusema hapana. Nadhani kwa sababu alikuwa katikati ya wenzake, na katikati ya wenzake hakuna ambaye angemsikia yeye.

Walipiga wimbo wa kwanza. Sijui niuelezeeje. Watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye kaburi la mtu wake, na tarumbeta zile, zikiwa zimekaa kimya Kwaresma nzima, zilitoka na nguvu ambayo hata mimi mwenye haraka ilinisimamisha. Baba alisimama karibu na kaburi la mama, amefumba macho. Mimi nilitazama mdomo wake tu. Sikusali. Nilikuwa nasema moyoni, shika, shika, shika.

Katikati ya wimbo wa pili aliishusha tarumbeta. Aliishusha taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha mwenzake. Akatoa kitambaa, akaweka mdomoni, na kitambaa kikawa chekundu. Wenzake hawakumtazama. Hawaruhusiwi kukatiza wimbo, hata mtu akikohoa au akizirai. Waliendelea, na baba akaendelea kusimama nao, tarumbeta ameikumbatia kifuani, kitambaa kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono mwingine vinabonyeza vitufe vyake mpaka mwisho.

Jino lilibaki kwenye kitambaa. Kipande cha mzizi kilichobaki hospitalini walikitoa Jumanne, na jingine la jirani yake pia. Baadaye aliwekewa meno ya bandia, akajaribu kupuliza mara moja karakanani, mlango umefungwa. Nilisikia kutoka nje: mluzi. Akaiviringisha tarumbeta kwenye blanketi, na safari hii hapakuwa na Kwaresma. Wazee wa bendi walikuja kumwona, wakaleta sukari na majani ya chai, wakaongelea mvua na bei ya mahindi. Walipomwita kwenye kikao chao hakwenda. Wakamwita tena, akasema mgongo unamuuma. Nikadhani anaona aibu ya meno.

Baada ya Idi tulikaa ghalani kusikiliza kilichopatikana. Mchanaji alifungua kompyuta, mimi nikawa natembea kati ya magunia. Wimbo wa kwanza wote nilimtafuta baba na sikumpata. Mchanaji alivuta sauti huku, akakata kule, akapunguza besi, akaongeza za kati. Bendi ilitoka yote kwa pamoja au haikutoka. Kwamba baba yupo mle ndani nilijua kwa macho yangu tu. Nikakaa juu ya gunia nikalia kwa hasira, na mchanaji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuniambia nitulie.

Aliacha iendelee kucheza. Dada wa Gehandu alikuwa ameingia na madumu yake kuja kuangalia kama kazi imeisha. Hakujua habari ya jino, hakujua hata tunasikiliza nini. Alisimama mlangoni. Wimbo wa pili ulifika katikati, na akaweka dumu chini.

"Hapo mtu ametoka," akasema.

Mchanaji akarudisha. Na kweli. Tarumbeta zinaendelea vizuri, wimbo uko palepale, hakuna aliyekosea, lakini chini yake pameondoka sakafu. Kitu ambacho hukuwa unakisikia, sasa unasikia kwamba hakipo. Tukarudisha tena na tena. Sikuwa nimewahi kumsikia baba yangu akipiga kama nilivyomsikia pale alipoacha.

Hicho ndicho tulichoweka kwenye ile nafasi. Bendi nzima kutoka makaburini, na ukungu wake na jogoo wa mtu akiwika mbali, baba yupo, kisha hayupo. Nilinyamazisha besi yangu. Mchanaji alifuta mistari yake iliyokuwa inafuata, mwenyewe bila kuombwa. Dada aliimba kidogo kabla na hakuimba baada. Tulijua tumefanya kitu kikubwa, na nilikuwa siwezi kungoja baba akisikie. Nilitaka asikie jinsi bendi ilivyo bila yeye. Nilitaka ajue uzito wake.

Nilimpelekea siku ileile, nikamvisha vipokea sauti masikioni kama mtoto, nikawa nazunguka karakana nikigusa mbao. Nilimtazama mkono, uso, kila kitu. Mahali pale pakapita. Hakubadilika. Wimbo ukaisha, akavua vipokea sauti, akaviweka mapajani.

"Umesikia pale ulipotoka?" nikauliza.

"Nimesikia."

"Sasa?"

Alikuwa anatabasamu, mdomo umefungwa kwa sababu ya yale meno mapya.

"Hawakuyumba," akasema. "Siku ile sikusikia kitu, masikio yalikuwa yanavuma, nilikuwa nafuata kichwani tu. Nikajua nimewaangusha wote. Nimemharibia mama yako. Nilikuwa naona aibu hata kuwauliza." Akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao. "Kumbe walifika."

Nilikuwa nimekuja kumwonyesha jinsi palivyobomoka.

"Nirudishie tena," akasema. "Siyo pale nilipotoka. Pale wanapomaliza."

Nikamrudishia. Alisikiliza mwisho ule mara nyingi, jua likashuka, na kila ukiisha ananigusa mkono nirudishe. Siku ya kikao kilichofuata alivaa koti lake la kanisani akaenda kukaa na wenzake kwenye benchi. Mimi albamu ile nimeshaisikiliza yote mara nyingi, isipokuwa hapo anapopapenda yeye, wanapomaliza bila yeye. Hapo huwa nazima.